Injini Isiyokojoa

Watu wa Kibirizi wana mdomo, na msimu ule mdomo wao wote ulimwangukia Brigita. Mwanamke ana mgonjwa ndani, mume kapigwa kiharusi, mkono wa kulia umekufa, ulimi umekufa, halafu anauza mabati ya nyumba waliyokuwa wanaijenga na kwenda kununua pawatila mbovu! Pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono miwili. Mchuuzi wa dagaa analima nini, jamani, mchanga wa ufukweni?

Kwa nje Brigita alikuwa na jibu. Mama yake alimwachia kipande cha mpunga bonde la Luiche, nyuma ya Ujiji, na jembe la mkono lilishamshinda. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa lote. Lililobaki hakumwambia mtu, maana angelielezaje? Kwamba siku moja pikipiki ilipita nje ikikohoa, na Martini, ambaye tangu atoke hospitali alikuwa wa kutazama ukuta tu, aligeuza shingo akaifuata kwa masikio mpaka ikapotea kwenye kona. Basi. Aligeuza shingo. Brigita alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukamganda mikononi. Yumo, alijiambia. Mume wangu yumo humo ndani.

Na alikuwa mtu wa kuulizwa habari zake, huyo Martini. Fundi wa injini za boti, tena si wa kubahatisha. Walimletea injini kutoka Katonga, walimletea kutoka Mwamgongo huko juu ya Gombe. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia inaumwa wapi. Na kila mvuvi aliondoka na onyo lilelile: angalia kama inakojoa. Injini ya boti hunywa maji ya ziwa ijipoze, kisha huyatema nyuma kwa mchirizi mwembamba, na wenyewe wanauita mkojo. Isipokojoa, izime hapohapo. Ukiiacha ichemke, umeiua. Brigita alilisikia onyo hilo miaka yote akiwa jikoni, mpaka akalijua kama Baba Yetu.

Aliyekuwa haamini kwamba Martini yumo ni kaka yake, Dismasi. Alikuja kutoka Mwamgongo, alikokuwa na boti zake za uvuvi, akakaa kwenye kigoda, akamtazama mdogo wake analishwa uji, na maneno yake yote akayapitisha juu ya kichwa cha mgonjwa kana kwamba pale pamewekwa kabati.

"Shemeji, tusidanganyane. Huu ni mwili tu umebaki. Nitampeleka nyumbani, tutamlisha, tutamgeuza, mpaka Mungu mwenyewe aamue. Wewe bado una nguvu zako."

"Anasikia, shemeji," Brigita alisema. "Anaelewa."

"Anazoea. Hata ng'ombe anaijua njia ya zizini. Hilo si akili, ni mazoea."

Hakuyasema kwa ubaya. Macho yalikuwa mekundu, na uji ulipomchuruzika Martini kidevuni ni Dismasi aliyeufuta. Lakini alipopanda boti alikuwa ameshakata shauri: akirudi, anaondoka naye. Brigita alibaki ufukweni, ziwa lote limelala mbele yake mpaka milima ya Kongo, akajiona mdogo kuliko dagaa mmoja.

Ndipo akaiona ile pawatila huko Katonga, alikokwenda kutafuta mzigo wa dagaa. Ilikuwa kwenye banda la Nassib, mwenye boti aliyewahi kujidanganya kwamba atalima vitunguu. Kuku alikuwa ametagia kati ya mikono yake ya kushikia.

"Dada yangu, sikufichi," Nassib alimwambia. "Inachemka. Na haikojoi. Nimeizunguka yote, sijaona pa kukojolea. Hii imezaliwa na maradhi."

Mnunuzi mwingine angeaga. Brigita alifurahi kimoyomoyo, kwa kuwa wengine hutafuta mashine nzima na yeye alikuwa anatafuta yenye ugonjwa.

Toyo la mizigo, ile pikipiki ya magurudumu matatu, liliishusha uani, karibu kabisa na kiti cha Martini. Wapakuaji wakaondoka. Martini aliitazama. Kisha mkono wa kushoto ukatoka chini ya shuka, taratibu, ukaenda kutua juu ya gurudumu zito la injini, ukakaa hapo. Brigita alijifanya anafukuza kuku. Hakutaka amwone analia.

Kazi ikaanza, na kazi yenyewe ilikuwa kitu cha ajabu. Brigita hakuwahi kushika spana. Alitandika gunia mbele ya mumewe, akawa ananyanyua chombo kimoja kimoja, naye Martini anatikisa kichwa au anakubali. Akafungua alipoonyeshwa. Akalitoa tope kwenye tangi la dizeli, akachomoa nozeli ya kurushia mafuta iliyoziba, akaipeleka Ujiji ikapimwe, akairudisha. Siku alipoondoa kifuniko cha juu na kuiona pistoni imelala ndani, imetulia na kung'aa, alishikwa na woga wa kanisani. Kumbe hiki ndicho alichokuwa anakitazama mwanamume huyu maisha yake yote, na mimi namwita aje kula!

Kuiwasha kulihitaji mikono miwili mizima, na kati yao wawili walikuwa nayo mitatu. Brigita alizungusha hendeli kwa nguvu zake zote. Martini kwa mkono wa kushoto aliishikilia juu ile nyenzo ndogo inayoipa injini nafasi ya kupumua. Mzunguko ulipokolea, akaiachia. Injini ikapiga moja, ikasita, ikapiga tena, kisha ikashika. Ardhi ya ua ikatetemeka mpaka kwenye nyayo, sufuria zikagongana kwenye kichanja, na moshi mweusi ukapanda ukageuka mweupe. Brigita alisimama na hendeli mkononi, mdomo wazi. Kitu kilichokuwa kiota cha kuku kilikuwa kinaunguruma, na wao ndio waliokiamsha.

Furaha haikudumu. Juu ya injini kulikuwa na tangi la maji lenye mdomo wazi, na humo kijiti chenye kiboya chekundu kilichochungulia nje. Haukupita muda maji yakaanza kutokota na mvuke kutoka. Brigita akaizima haraka, na Martini akaafiki kwa kichwa. Wakabadilisha gasketi. Ikachemka. Wakasafisha njia zote za maji. Ikachemka. Kila mara Brigita anaizunguka kutafuta mkojo, hakuna. Kila mara anaizima. Akaanza kumwamini Nassib. Martini naye akanyamaza namna mpya: anakaa mbele ya mashine iliyozimwa tangu chai mpaka jua linakuwa kali, anaitazama tu. Brigita aliogopa kwamba amerudi kwenye ukuta wake.

Asubuhi moja Dismasi akaingia uani.

"Mwakeye, shemeji," alisalimia kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Boti inarudi mchana. Nguo zake ziko wapi?"

Brigita akasogea kwenye injini. Akasema jambo pekee lililokuwepo. "Ngoja kwanza uone alichokitengeneza." Akashika hendeli, Martini akashika nyenzo yake, na injini ikaitika mara ya kwanza. Dismasi akarudi nyuma hatua, akashangaa kidogo, kisha akapandisha mabega. Mazoea, yalisema yale mabega.

Maji yakaanza kutokota. Mvuke ukapanda.

"Inachemka hiyo," Dismasi alipaza sauti. "Zima, itakufa!"

Brigita akanyoosha mkono azime. Mkono wa Martini ukamdaka, ukambana, kwa nguvu ambazo hakujua kama bado anazo. Martini akatikisa kichwa. Hapana.

Brigita akawaza: Basi amekwisha. Onyo alilowafundisha watu ziwa zima, hata hilo limemtoka, tena mbele ya kaka yake. Alijaribu kujinasua, akamtazama usoni amwombe. Na hapo akaona kwamba Martini hatazami mvuke. Anatazama kile kiboya chekundu. Kilikuwa kinashuka, polepole. Kiliposhuka vya kutosha, Martini akamwachia mkono, akaonyesha ndoo, akaonyesha mdomo wa tangi.

Brigita akachota, akamimina kidogokidogo. Kiboya kikapanda. Injini haikukohoa, haikubadili hata pigo moja. Maji yakatokota tena, kiboya kikashuka, akamimina tena. Injini ikaendelea, nzima, kama iliyokuwa inasubiri tu waache kuisumbua.

Ndipo ikamwingia. Haiumwi. Haijapata kuumwa. Haina ziwa la kunywa, ndiyo maana haikojoi; imeumbwa ichemke, joto liondoke na mvuke, wewe kazi yako ni kuiongezea maji. Kwa nini mtu aache tangi wazi na kuweka kiboya cha kupimia, kama maji hayakupangwa kupungua? Hakuna aliyemfundisha Martini jambo hilo. Alichokuwa amezoea ni kuzima. Mazoea yangezima. Mtu huyu, hana ulimi, hana mkono, alikaa mbele ya chuma kilichozimwa, akafikiri, akayapinga maneno yake mwenyewe ya miaka yote. Brigita aliitua ndoo. Aliketi chini kwenye vumbi akamtazama mumewe kama anamwona siku ya kwanza.

Dismasi naye alikitazama kiboya kikipanda na kushuka. Alikuwa amelisikia onyo la injini kwa mdogo wake mwenyewe, ndani ya boti zake mwenyewe, na alikuwa ameelewa. Akasogea, akachuchumaa mpaka nyuso zao zikawa sawa, akapaza sauti kuishinda injini ili asikike.

"Martini. Mdogo wangu. Nilikuja kukuchukua." Akaanza upya. "Sikukuuliza. Unataka twende?"

Martini alimtazama kaka yake. Nusu ya mdomo ikacheka. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuionyesha ndoo, iliyokuwa tupu, na Dismasi akainuka kwenda bombani kuteka maji.