Kazi ya Mzee Wangu Ilikuwa Kuniudhi

Mama yangu, kule Butiama nilikozaliwa, alikuwaga ananifukuza jikoni nikicheka siku ya kusaga pilipili. Sauti yake nzito, kama ya mwanaume aliyeamshwa usingizini: "Toka hapa na meno yako. Pilipili inakuona." Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Pilipili inasagwa na mtu mwenye hasira. Ukiisaga huku unacheka inatoka imepoa, unakula kama unakula mchuzi wa mgonjwa. Usiniulize kwa nini. Mimi shule sikwenda, na waliokwenda nimeshawauliza, wakaniangalia tu.

Sasa ubaya wangu ni kwamba kukasirika sijui. Mtu akinitukana, mimi namsikiliza anavyotamka, ili kesho nimuige. Ukiniambia nina masikio makubwa, hasira itapata nafasi wapi? Tayari nina kazi ya kukumbuka ulivyobinua mdomo.

Nilipoolewa hapa Musoma, Kigera, mzee wangu aliligundua hilo mapema, akajipa kazi. Wanaume wengine wanapasulia wake zao kuni. Wangu alikuwaga ananiudhi. Siku ya kusaga anakuja na kigoda chake, anakiweka karibu na jiwe, anakaa, anakohoa kidogo, "Mh," halafu anaanza. Sauti yake inapitia puani, taratibu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa mwenzake.

"Mh. Mama watoto. Hilo jiwe unalisagia au unalibembeleza lilale?"

Nanyamaza.

"Mama yangu alikuwa akisaga, majirani wanapiga chafya."

Nanyamaza.

"Wewe ukisaga, nzi wanakuja kupumzika."

Hapo mkono unaanza kwenda wenyewe. Sikuwahi kumpenda mama yake, Mungu amrehemu, na mzee alijua. Alikuwa anamtunza mama yake huyo kwa ajili ya siku za pilipili tu, siku zingine hamtaji. Akiona mkono wangu umeshika kasi anasimama, anabeba kigoda, anasema, "Sasa itakuwa sawa," anaenda zake, amechoka kama ametoka kulima.

Na pilipili yetu sio ile ya kuchemsha. Nachoma nyanya kwenye mkaa mpaka ganda linapasuka na kuungua. Kitunguu nakitupia humohumo na maganda yake, na kitunguu swaumu. Zikishapoa namenya, naweka pembeni, halafu ndio nashika jiwe. Inaanza pilipili kichaa, zile nyekundu ndogo zinazosimama kwenye mti kama zinatukana mbingu, na chumvi ya mawe. Naongeza na pilipili mbuzi kidogo kwa ajili ya harufu. Zikishalainika kabisa ndio nyanya inaingia, na hiyo haisagwi, inapondwa tu, uone vipande. Mwisho ndimu na majani ya giligilani. Iweke pembeni ya sato wa kuchoma na ugali wa muhogo, mgeni anasahau alichokuja kuomba.

Basi mzee akafa. Hii ni masika ya pili tangu tumpeleke kwao Bunda, akalala kwenye shamba la pamba la baba yake. Na pilipili yangu ikapoa.

Mimi mwenyewe sikujua. Aliyeniambia ni mkwe mwenzangu, mama yake na mume wa binti yangu. Binti na mume wake wanakaa Bunda mjini, Kabasa, lakini mkwe mwenyewe ni wa Kisorya, pale kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, na akija kwangu anakujaga na samaki. Huyo sauti yake ni asali, anayavuta maneno mpaka unataka kumsaidia kumalizia. Alionja, akaweka tonge chini.

"Mkweee wangu. Pilipili yako siku hizi nzuuuri. Hata mtoto anayenyonya umpake mdomoni, atalala."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Jioni nilimuigizia jirani, naye akacheka. Mkwe alipokuja tena akaonja tena, akanipigapiga mgongo kama anampa pole mgonjwa. "Tusikuchoshe, mkwe. Safari ijayo nitakuja na yangu ya Kisorya, kwenye chupa."

Hapo sikucheka sana. Mgeni akija na samaki ni heshima. Akija na pilipili, amekuambia jiko lako limekufa.

Na binti yangu akaungana naye. Anaongea polepole kama nesi anayeficha sindano. "Mama, ni umri tu huo. Nitakuletea blenda. Lile jiwe tutaliweka bafuni, watu wasugulie miguu." Nimesagia jiwe hilo tangu nikiwa bibi harusi. Nikawaza visigino vya kila mtu anayepita Kigera. Nikamwambia, mpe mama yako nafasi moja. Mkwe anakuja Jumapili. Pilipili ikipoa, jiwe ni lako.

Binti akaja Jumamosi kunisaidia, na blenda iko kwenye boksi, akaiweka juu ya meza ili tuonane vizuri.

Jumapili asubuhi nikamwambia shida yangu: sina wa kuniudhi. Akasema, hilo tu? Akasimama mbele yangu, akasafisha koo. "Mama, samahani sana. Eti, wewe ni mchoyo." Akanyamaza, akaona sijafanya kitu, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema, na jiwe likanitoka mkononi kwa kucheka.

Akampigia simu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, yuko Bunda, aliwahi kuwa karani. Akaweka sauti kubwa. Shemeji hata kukusalimia anakusalimia kama yuko kwenye mkutano.

"Shemeji, kwanza kabisa naomba nichukue nafasi hii. Pointi ya kwanza, wewe ni mvivu. Pointi ya pili, nitairudia ya kwanza ili ikae. Hiyo imetoka moyoni, ila kwa heshima zote. Nadhani nimeeleweka."

Nikamjibu kwa sauti yake, "Umeeleweka shemeji, tufunge kikao," akakata simu, sijui kama alikasirika yeye.

Jirani yangu, tunatenganishwa na uzio wa minyaa, alikuwa amesikia yote. Huyo akiongea hapumui. Akachungulia. "Wewe bibi mimi ngoja nikuudhi kuku wako wamekula mchicha wangu na jogoo wako hana adabu kama mwenyewe na beseni langu uliloazima msimu wa mahindi utarudisha lini au umeolewa nalo."

"Nimeolewa nalo na tuna watoto na mkubwa ni ndoo," nikamwambia, bila kupumua, hivyohivyo, naye akaegemea ule uzio kwa kucheka mpaka utomvu ukamchafua khanga.

Mkono wangu wakati wote huo ulikuwa unasaga. Nikachovya kidole, nikalamba. Nikalamba tena. Ulimi haukujua kama nimelamba.

Binti akachovya naye. Akajifuta kidole, akaliangalia boksi. Akavaa viatu, anaenda stendi kuwapokea wageni. Mlangoni akageuka. "Nikirudi nitaitoa kwenye boksi, mama. Wewe pumzika."

Nikabaki na jiwe. Ile iliyopoa nikaikusanya kwenye bakuli, nikaweka pembeni, nikachambua pilipili nyingine. Kigoda cha mzee kilikuwa kimeegemea ukuta, pale alipokiacha. Nikakiangalia.

Ujue, mimi nimeshaiga kila mtu. Mchungaji nimemuiga hadi akanisikia mwenyewe na akakubali kwamba anaivutaga ile "ameni". Mwenyekiti wa mtaa, daktari, mkwe. Kwenye msiba wenyewe niliwaigizia waombolezaji wao kwa wao, na watu wakasema huyu mama amebeba msiba vizuri. Lakini mzee sikumgusa. Sauti yake niliiacha ilipokuwa, kama shati ambalo hulifui.

Nikavuta kigoda, nikakiweka karibu na jiwe. Nikakohoa.

"Mh."

Ikanishtua mimi mwenyewe. Ilipitia puani, taratibu, haina haraka na mtu.

"Mh. Mama watoto. Bado unalibembeleza?"

"Nyamaza," nikasema, kwa sauti yangu.

"Mama yangu kwa umri huo alikuwa anasaga kwa mkono mmoja."

"Mama yako alikuwa anasaga kwa mdomo."

"Naona wamekuletea mashine."

"Na wewe uko wapi, mpaka naletewa mashine?"

"Mh. Si nilikuambia narudi?"

Hilo sikulipanga. Lilitoka tu, kwa sauti yake, kabla sijalifikiria. Siku ile anapelekwa hospitali nilikuwa nimemaliza kusaga. Bodaboda inamngoja nje, amejifunika koti langu, na bado akasimama mlangoni akasema hivyohivyo, puani, "Niwekee pilipili, narudi kula." Nikamwekea. Nikaifunika na sahani. Ikakaa wakati watu wanaingia kulia na kutoka, ikakauka ikawa kama gome la mti, na kibakuli chenyewe sikukiosha. Kipo juu ya kabati mpaka leo, na mtu akiuliza nasemaga kina ufa.

Sikuwahi kumwambia kitu juu ya hilo. Marehemu hasemwi vibaya. Sasa nikamwambia.

"Ulisema unarudi. Mwanaume mzima, unasimama mlangoni unasema narudi. Mimi nakuwekea, nafukuza nzi, wewe unaenda kulala kwenye pamba kama huna nyumba. Miaka yote unakaa hapo unanichokoza, nikishazoea kuchokozwa unaondoka, unaniachia wajinga. Shemeji anakuja na pointi. Mtoto ananitukana halafu ananiamkia. Hiyo ndio kazi uliyofanya?"

"Mh," akasema. Nilimwachia nafasi ya hiyo moja tu.

"Usinikoholee. Sijamaliza."

Na mkono ukaenda. Uliondoka bila mimi. Jiwe lilikuwa linalia, chumvi inaruka, machozi yananitoka, na kwa sababu pilipili ilikuwa pale pale hakuna ambaye angejua ni ya nini. Nilimsema mpaka nikafika kwenye mambo ya mwaka tuliooana, shuka moja hivi, na ng'ombe aliyemuuza bila kuniambia. Nyanya niliiponda kama nimeikuta inaiba.

Jirani akapita uzioni na ndoo mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anatafuta maneno.

"Humo ndani kuna mwanaume?"

"Yupo."

Akaangalia mlangoni. Akaangalia kigoda. "Mbona ile sauti naijua?"

"Amekuja kazini," nikasema.

Akafungua mdomo anijibu. Akapiga chafya. Akashika ndoo vizuri, akapiga nyingine, na nyingine tena, anarudi kinyumenyume hadi kwenye minyaa, na nikamsikia upande wa pili bado anaendelea. Nikakiangalia kile kigoda. Mzee sikumwambia kitu, lakini alijua nimesikia.

Mkwe akafika na binti yangu, na wanawake wenzake wawili wa Kisorya, na sato wakubwa. Tukachoma. Kabla ya kunawa akatoa chupa yake kwenye mkoba, akaiweka mezani, ikapakana na bakuli langu upande huu na boksi la blenda upande ule. Nilijiona kama niko mahakamani.

"Mkweee," akasema, "tuanze na yako basi, tusikuvunje moyooo."

Akakata tonge, akabana na samaki, akachovya, ananiangalia machoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akaacha kutafuna. Jasho likatoka juu ya mdomo, kisha kwikwi, moja kubwa, ikamtikisa na kiti. Binti yangu akasukuma jagi la maji. Mkwe akakataa kwa mkono. Wenzake nao walikuwa wameshachovya, mmoja anaangalia paa, mwingine anapepea ulimi na ukingo wa kitenge.

Binti akachovya kidogo kwa ncha ya kidole. Akainuka, akabeba boksi la blenda, akaliweka chini ya kitanda. Sasa hivi blenda iko kwake Kabasa, anasagia juisi ya parachichi, na mimi juisi hiyo siikatai.

Mkwe alipopata sauti haikuwa asali tena. Ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga. Nimejaribu kuiiga mara nyingi, bado naikosa.

"Mkwe. Leo umegombana na nani?"

Maana hata kwao wanajua pilipili inataka hasira.

"Na mwenye nyumba," nikasema.

Akageuza shingo, akakiona kigoda kando ya jiwe. Alimfahamu mzee wangu, walikuwaga wanataniana mpaka chai inapoa. Halafu akachukua chupa yake, akairudisha kwenye mkoba, akavuta bakuli langu likawa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote.

"Makosa yake yalikuwa mengi, naona."

"Kula, mkwe," nikamwambia. "Hayo ni ya leo tu."