Namba Aliyoitafuta Bwana Shamba Cuthbert

Mama yangu, Mwalimu Otilia, hakumkataa mchumba kwa maneno. Alimpa hesabu. Alete namba ya tarakimu nane, inayosomeka sawa ukianzia kushoto au kulia, ambayo haigawanyiki kwa kumi na moja. Akiileta, mama ataolewa naye. Mama alijua haipatikani. Ndivyo alivyofundishwa chuoni. Wengi walikwenda kuitafuta wasirudi. Mwalimu mwenzake, Raimundi, alileta 12321 kwa mbwembwe, akaonyeshwa kwamba hizo ni tarakimu tano. Wiki hiyo hiyo akaomba uhamisho.

Mwaka 1993 akaja baba, Cuthbert, bwana shamba kutoka Bukoba. Naye akapewa hesabu yake. Watu wa Mapera, kijiji cha Wamatengo alikofundisha mama, walimcheka mapema, kwa maana alikuwa mbishi: tangu afike aliwahubiria Wamatengo waache ngoro, yale mashimo yao ya mlimani yaliyozungukwa na matuta, walime kama alivyosoma yeye. Hakuna aliyemsikiliza.

Biashara ilikuwa imefunguliwa na maduka ya Mbinga mjini yamejaa vitu. Baba akanunua kalkuleta ya kutumia mwanga wa jua. Namba za aina hiyo ziko elfu tisa, naye akaamua kuzijaribu zote, moja moja. Ukungu ukishuka kioo kinafifia, na baba anakaa kibarazani akisubiri jua kama kuku aliyelowa. Alifika namba ya mia nne na kumi. Zote ziligawanyika. Mwenyewe anakiri aliogopa: alimpenda mama, na barua ya kumhamishia Mbamba Bay ilikuwa imeshafika.

Akaenda kumuaga bibi Hedwiga, mama yake mama, akamkuta analima ngoro. Bibi hapendi mgeni wa kusimama tu, akampa jembe. Baba akafuata mstari mmoja, shimo, tuta, shimo, tuta, na alipofika la nane akaganda. Akatupa jembe, akakimbilia shuleni. Bibi alidhani ameumwa na nyoka.

Mama alikuwa anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, haipo," baba akamwambia. "Na haitakuwepo."

Akaandika ubaoni 12344321. Tarakimu ya kwanza akaiweka shimoni, ya pili tutani, hivyo hivyo hadi mwisho. Mstari wenye nafasi nane ukianza na shimo unaishia na tuta, kwa hiyo kila tarakimu iliyo shimoni, pacha wake wa upande wa pili yuko tutani. Mashimo yana jumla ya kumi, matuta kumi. Na jumla hizo zikilingana, kila mwalimu anajua, kumi na moja lazima iingie bila baki.

Mama aliutazama ubao, kisha akalia. Si mapenzi, anasema. Hayo yalikuja baadaye. Alilia kwa sababu kwa miaka tisa aliwafukuza wanaume kwa kanuni ambayo mwenyewe hakujua inatoka wapi.

"Hukuleta namba," akamwambia. "Futa ubao, unieleze tena, polepole."

Mbamba Bay walihamia wawili.