Zamu ya Kumlisha Mwalimu Tong

Mwalimu Tong alikula nyumbani kwangu siku kumi na moja katika mwaka mzima, na wanawake wa Xiagou, kijiji chetu, hunicheka kwamba naweza kuzitaja moja moja. Naweza, na sioni aibu. Mimi si mtu wa kusahau chakula nilichopika.

Wilaya ilimleta mwezi wa tisa, mwaka 1986, kwa mkataba wa mwaka mmoja, maana mwalimu wetu wa zamani alikwenda mjini kuoa na hakurudi. Tong alikuwa mgane wa miaka hamsini na moja, kutoka kusini kwenye mito na wali. Sisi huku ni vilima vikavu vya udongo wa njano, viazi na tambi. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali. Mwalimu alipewa chumba nyuma ya hekalu kuukuu tulilolifanya shule, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpikia, kijiji kikapanga zamu: nyumba ishirini na sita, kila nyumba siku moja, milo miwili.

Nyumba ishirini na sita zinamlisha, na bado akakonda. Kosa lilikuwa la heshima zetu. Kila nyumba ilitoa unga wake mweupe na yai la kukaanga, ikamkalisha juu ya kang, kile kitanda cha udongo chenye moto chini yake, upande wa ndani anapokaa mgeni wa heshima. Mwenye nyumba alikaa mbele yake kumpa kampani, wakila kimya kama watu waliofiwa. Mke na watoto walikuwa jikoni na uji wa mtama. Watoto walewale aliowafundisha hesabu asubuhi walisimama mlangoni wakilitazama yai lake. Sasa mtu atalimezaje? Alikula viazi, akaacha yai, akasema ameshiba. Akishatoka tu, watoto waligombania bakuli.

Nyumba yangu ilikuwa na tatizo lake. Nilikuwa mjane kwa miaka minne, nikiishi na binti yangu Laidi. Mwanamume wa kukaa na mgeni hayupo, na mimi siwezi kupanda kang kula na mwanamume asiye wangu, kijiji kingepata la kusema mpaka mavuno. Kwa hiyo siku ya zamu yangu nilimwita shemeji yangu Heshun, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Heshun alikuja kwa furaha. Yai la pili lilikuwa lake.

Kuna jambo moja Tong alichelewa kulijua. Kwetu mgeni akiambiwa aongeze chakula, anakataa. Anaambiwa tena, anakataa tena. Mara ya tatu ndipo anajibu ukweli. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Yeye alipokuja, akiwa na njaa alisema ndiyo mara ya kwanza, na wanawake wakasambaza habari kwamba mwalimu ana koo pana. Akiwa ameshiba alisema hapana, wakamjazia bakuli hata hivyo, akaenda kutapika nyuma ya hekalu. Nilimcheka kama wengine. Lakini mtu yule hakuwa mbishi wa kujifunza. Kufikia majira ya baridi alikuwa akifunika bakuli kwa kiganja mara ya kwanza, mara ya pili anasogea nyuma, mara ya tatu anaachia. Heshun alisema amefundishika kuliko wanafunzi wake.

Mwaka mpya ulipofika hakwenda kwao. Alisema safari ni ndefu. Usiku ule wa kuamkia mwaka mpya zamu zilisimama, kwa sababu mlo ule ni wa ukoo, na mtu wa nje hakai mezani hata awe nani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila nyumba ikaona vibaya kumwacha hivi hivi, ikampelekea bakuli la jiaozi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa nyama. Nilipompelekea langu nilikuta mabakuli mengine yamepangwa juu ya meza ya kusahihishia madaftari, kumi na manne, yamepoa, mafuta yameganda. Yeye amekaa mbele ya mabakuli hayo amevaa koti na kofia. Alisimama akanishukuru, akaniuliza kama Laidi hajambo. Nilitaka kukaa dakika mbili. Nikasema Laidi ananisubiri, nikaondoka, na njia nzima nilikuwa na hasira na sijui nilimkasirikia nani.

Siku yangu ya nane iliangukia mwezi wa nne, na Heshun alikuwa amekwenda mnadani kuuza kondoo. Nikamweka mwalimu juu ya kang peke yake, nikashusha pazia la mlango, nikarudi jikoni kukaa kwenye kigoda karibu na jiko. Yeye huko na bakuli lake, mimi huku na langu. Laidi alikuwa amelala kwa homa kwa bibi yake. Nilimsikia anavuta tambi, nikajua ananisikia nami.

Baada ya muda akauliza kupitia pazia kama siki niliitengeneza mwenyewe. Nikamwambia ndiyo. Akasema ni kali. Nikamwambia kama ni kali aiache, siki haimwombi mtu. Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia anacheka, baada ya miezi saba.

Tukaongea. Alinieleza kwamba kwao ana chumba kimoja ghorofa ya tatu, na anakula akiuelekea ukuta kwa sababu meza haienei vinginevyo. Anafungua redio ili kuwe na sauti ya mtu. Mkewe alikufa miaka sita iliyopita, na majirani ni wazuri, wanamsalimu ngazini. Nilimuuliza basi si bora huko, kwenye wali na samaki, kuliko huku kwenye vumbi, anakula kila siku na mtu asiye na la kumwambia.

"Huku angalau kuna mtu upande wa pili wa pazia, Mama Laidi," akasema.

Nilichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Mkataba unaisha mwezi wa saba. Wakiniambia nibaki, nitabaki. Ila siwezi kujiombea mimi mwenyewe. Mtu hajialiki kwenye meza ya watu."

Nikamwambia wataomba, asiwe na wasiwasi. Niliyasema kwa uhakika kama mimi ndiye mwenyekiti.

Mwezi wa sita barua ya wilaya ilikuja, na ilikuwa siku yangu ya kumi. Heshun alikaa juu ya kang, akala yai lake, akafuta mdomo. Mimi nilikuwa jikoni na upawa mkononi, nimesimama karibu na pazia, sijifichi wala sijionyeshi.

"Mwalimu," Heshun akasema, "wilaya wanauliza kama utaongeza mwaka mwingine. Sisi tungefurahi ubaki."

"Ah, hapana," akajibu Tong. "Nimeshawasumbua vya kutosha. Watoto wenu wanakosa mayai kwa ajili yangu."

Moyo ulinitulia. Alisema vizuri kabisa, kama mtu aliyezaliwa Xiagou. Nikasubiri Heshun aulize mara ya pili.

"Basi hatukulazimishi," Heshun akasema. "Nyumbani ni nyumbani. Nitawaandikia."

Nilisikia vijiti vya Tong vikilazwa juu ya bakuli. Heshun akaendelea kuongelea mvua.

Mwalimu alipoondoka nilimfuata shemeji yangu uani. Nilimwambia amuulize tena, yule mtu anataka kubaki, amekataa kwa adabu tu. Heshun akanitazama kama naongea na ukuta. Akasema watu wa kusini hawana mizunguko yetu, kwao hapana ni hapana, na kumng'ang'ania mtu mzima aliyeikumbuka nyumba yake ni kumwonea. Alisema hayo kwa wema. Mwaka mzima alikuwa amejifunza tabia za kusini ili asimuudhi mwalimu, na mwalimu alikuwa amejifunza za kwetu.

"Nakwambia anataka kubaki," nikasema.

"Wewe umejuaje, shemeji? Na mbona wewe ndiyo unataka sana abaki?"

Aliuliza bila ubaya, lakini mama mkwe alikuwa anaanika pilipili pembeni, na mkono wake ukasimama. Nikasema sitaki chochote, ni kwa ajili ya shule. Nikaingia ndani kuosha vyombo. Bakuli la Tong lilikuwa na tambi zaidi ya nusu, na yai halikuguswa.

Siku ya kumi na moja Heshun alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, na mama mkwe alikuja kukaa jikoni kwangu, eti kunisaidia. Nilipika vizuri kuliko siku zote. Mwalimu alisifu siki. Zaidi ya hapo hatukusema kitu. Ningeweza kumwambia Laidi ampelekee ujumbe shuleni, nilifikiri hivyo usiku tatu mfululizo, na kila asubuhi nilimsuka nywele nikamwacha aende zake. Niliogopa. Nimesema waziwazi sasa kwa kuwa waliokuwa wanaangalia wengi wao wamekufa.

Aliondoka asubuhi moja ya mwezi wa saba, kwa trekta ya Heshun. Kijiji kizima kilikuja barabarani. Walimletea soksi za sufu, mbegu za maboga, mayai ya kuchemsha mengi mpaka akakosa pa kuyaweka, akawa anayagawa kwa watoto, na safari hii waliyala mbele yake. Wanawake walilia. Wazee walimshika mikono. Kila mmoja alimwambia asisahau Xiagou, na hakuna hata mmoja aliyemwambia asiende, kwa sababu wote walijua kwamba amekwisha kataa.

Nilisubiri mpaka wa mwisho. Tong alikuwa ameshapanda, amekaa juu ya begi lake, na Heshun alikuwa anauzungusha mkono wa kuwashia injini. Nikasogea mpaka kwenye bodi ya trekta. Nikapiga moyo konde.

"Baki, Mwalimu," nikasema.

Nilisema kwa sauti, watu wakasikia. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Tong akaniangalia, na uso wake ukafunguka, nisijue niseme vipi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kwenye mji wa watu.

"Hapana, Mama Laidi," akasema. "Nitawasumbua."

Kisha hakugeuka. Aliendelea kuniangalia, viganja vyake viwili juu ya magoti, anasubiri. Ile ilikuwa hapana ya kwanza. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Bado kumwomba mara mbili tu. Nyuma yangu kulikuwa na macho ya nyumba ishirini na tano. Injini ikashika, moshi ukatuingia machoni.

"Haya," nikasema. "Basi safiri salama."