Mwanzo wa Futi

Nyumbani kwetu dada yangu alipima kila kitu, na mimi nilishika mwanzo wa futi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani, na mpaka leo sijapata nyingine niliyoipenda kama ile.

Futi yenyewe ilikuwa utepe wa njano wa baba, fundi cherehani wa mtaa wa Gitega, Kigali. Namba zake zilikuwa zimefifia kwa kupita mabegani na viunoni mwa mtaa mzima. Baba alipokwenda msikitini adhuhuri, aliuacha juu ya cherehani, na dada aliuchukua mara moja. "Shika mwanzo," aliniambia. Nilikibana kile kichuma kidogo cha mwanzoni kwa kidole gumba, juu ya kizingiti, naye akarudi kinyumenyume akiufungua utepe mpaka ukakaza. Tulipima mlango. Tulipima ukuta wa uani uliokuwa umeanza kuinama. Tulipima kivuli cha mparachichi asubuhi, na tena alasiri, na dada akacheka peke yake kwa jambo aliloliona yeye nami nisilione.

Mama yetu alikufa nikiwa sijajua kutembea vizuri. Dada alikuwa amenizidi miaka michache tu, lakini ndiye aliyenilea, na kitanda chetu kilikuwa kimoja. Utepe ulipokaza baina yetu nilihisi mvuto mdogo kwenye kidole, na kwa mvuto ule nilijua kwamba kuna mtu upande wa pili.

Mbele ya duka letu jirani mmoja alikaanga mandazi. Alizaliwa vilimani, Kiswahili alikiokota hapo hapo barabarani, na alikisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

"Fundi! Hii mutoto yako iko napima mpaka moshi yangu!"

"Mwache apime," baba alimjibu, pini amezibana mdomoni. "Akimaliza moshi atapima mdomo wako, tujue utahitaji kitambaa kiasi gani kuufunika."

"Yewe! Kitambaa ya Kigali yote haitatosha!" alisema yule mama, akacheka mpaka mafuta yakaungua.

Chini ya mtaa kulikuwa na korongo la maji ya mvua, lile tuliloliita ruhurura, na watu walilivuka juu ya magogo mawili ya mikaratusi. Kila mvua kubwa za Itumba ziliposhuka, magogo yalikwenda na maji. Kisha Jumamosi moja ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, wanaume walishuka na majembe na kamba, wakaweka magogo mengine, marefu zaidi, wakaimba, wakapanda kurudi majumbani. Dada alisimama kandokando akiwatazama, mikono nyuma.

"Kila mwaka wanatafuta miti mirefu zaidi," aliniambia. "Hakuna anayetazama kingo. Miti haina kosa. Udongo ndio unaoondoka."

Tulitaka kujua korongo lina upana gani. Futi ya baba ilikuwa fupi, basi dada akaiunga kwa uzi wa kushonea makoti. Mimi nilibaki upande huu na mwanzo wa futi, yeye akavuka. Nilipoinua macho nilimwona mdogo, amesimama upande wa pili wa maji mekundu, ananipungia mkono nikaze. Nilikaza kwa mikono miwili.

Aliyekuja kuyageuza maisha yetu alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule yetu ya msingi, na alikuja kwa sababu ya suruali iliyochanwa goti na mnyororo wa baiskeli. Siku hiyo dada alikuwa amelaza kitambaa mezani. Kazi ya kukata ilikuwa yake tayari, maana macho ya baba yalikuwa yameanza kuchoka. Mteja alikuwa ameleta kitambaa kidogo kuliko kanzu aliyoitaka, na dada alikuwa akigeuza vipande vya karatasi huku na huku, mkono huu juu, ule chini, kipande cha pembeni kikiingia kwenye pengo la shingo, mpaka kanzu yote ikaenea na pembeni pakabaki sehemu ya kofia ya mtoto.

"Nani alikufundisha kuvigeuza hivi?" mwalimu aliuliza.

"Kitambaa, Mwalimu. Kilikuwa kidogo."

Mwalimu alivuta kiti. Suruali ilisahauliwa. "Fundi," alimwambia baba, "huyu apelekwe akasomee uhandisi."

"Uhandisi ndiyo kazi gani?"

"Ya kujenga. Barabara, madaraja, mitambo ya maji."

Mama wa mandazi alikuwa amekwisha sogea mlangoni. "Mutoto musichana kusoma ya kujenga? Bwana atapata wapi, juu ya paa?"

"Huko juu anaona mbali, mama," mwalimu alisema. "Atachagua mzuri." Kisha akamgeukia baba, na sauti yake ikashuka. "Watoto wa mtaa huu wanaambiwa tangu kuzaliwa: duka, cherehani, safari za biashara. Ni kazi za heshima, sizitukani. Lakini nchi yote hii ni vilima na mabonde. Nani atatuunganishia? Tungoje wageni mpaka lini?"

Baba alitia uzi kwenye sindano, akakosa tundu, akatia tena. "Daraja linavaliwa, Mwalimu? Mimi nawavisha watu."

"Linavaliwa. Mto unavaa daraja, fundi. Na likiubana, unalipasua."

Baba alicheka, na nilijua hapo hapo kwamba mlango umefunguka kidogo. Nilifurahi. Niliogopa pia. Nilitaka dada aende kuliko nilivyotaka kitu chochote, na nilijua kwamba akienda sitakuwa na mtu.

Kuanzia siku ile mwalimu alipita baada ya alasiri, akachora kwa chaki ya baba juu ya meza ya kukatia. Alimpa dada vijiti vinne na misumari, akamwambia aunde mraba. Mraba uliyumba ukiusukuma kwa kidole. Akamwambia aondoe kijiti kimoja, aunde pembetatu. Pembetatu haikuyumba. Dada aliisukuma, akaisukuma tena, akampa mama wa mandazi naye aisukume kwa mkono wake wenye unga. Ilibaki vile vile.

"Iko nguvu kuliko bwana yangu," yule mama alikiri.

Dada hakucheka. Alikuwa anaitazama ile pembetatu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Shule ya ufundi ilikuwa kusini, ng'ambo ya mto Nyabarongo, na kabla ya kupokea wanafunzi ilifanya jaribio la mikono hapa mjini. Baba alikubali dada aende kujaribu, na nadhani alikubali kwa sababu aliamini kwamba jaribio litamrudisha. Nilimsindikiza. Ukumbi ulijaa wavulana. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha lisilo na kioo, nikaona na kusikia kila kitu.

Walipewa kadibodi, rula na mkasi, na vipimo vya kisanduku chenye paa la mgongo. Wakate vipande, waviunge kwa gundi, kila ubavu uwe sawa na kipimo kilichoandikwa ubaoni. Dada alikata haraka kuliko wote. Mkasi ulimtii kama ulivyomtii nyumbani. Lakini alipoanza kuunga nilimwona akisita. Vipande havikukutana. Paa lilizidi, kuta zilizidi, kila upande umepita mwenzake kwa upana wa kidole.

Msimamizi, mzee mwenye koti la buluu la karakana, aliweka rula yake juu ya kipande kimoja, kisha kingine.

"Hiki si kipimo nilichotoa."

"Ndicho, bwana," dada alisema. "Nimeacha nafasi ya mshono."

Ukumbi ulilipuka. Mvulana mmoja aligonga meza. "Mshono! Atashona daraja kwa cherehani!"

Dada alitazama mikono yake. Kwa mtoto wa fundi hakuna kipande kinachokatwa kwenye mstari wenyewe. Unaacha kidole kila upande, maana usipoacha, nguo itambana mtu. Hakuwa amefikiri. Mikono ilikuwa imefikiri kwa ajili yake, kama ilivyofikiri mikono ya baba, na ya babu aliyekuja na cherehani yake kutoka pwani.

"Binti," msimamizi alisema, bila ukali, "chuma hakishonwi."

Nilidhani atalia. Badala yake aliinua uso. "Kinaungwaje, basi?"

Kelele zilipungua. Yule mzee alivua miwani, akaanza kumweleza pale pale, kwa vidole, jinsi mabamba mawili yanavyolaliana na kutobolewa na kupigwa misumari ya moto, na jinsi wakati mwingine yanavyoyeyushwa kingo zake zikawa moja. Dada alisikiliza huku mdomo umefunguka. Mzee alipomaliza alimwekea kadibodi mpya.

"Rudia. Kata kwenye mstari."

Alirudia. Safari hii alikata polepole, akishikilia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na niliona ilivyomgharimu kuikata ile nafasi na kuitupa chini. Kisanduku kilisimama.

Jina lake lilipotoka kwamba amepokelewa, baba alishona mchana kutwa bila kuinua kichwa. Sikukuu ilikuwa karibu, na vitambaa vya kanzu vimerundikana mpaka dirishani. Jioni, kabla ya magharibi, alizungumza bila kututazama.

"Nani atanikatia?"

Dada aliinamisha kichwa. Niliona kwamba atasema hatakwenda. Maneno yalikuwa yamekwisha fika mdomoni mwake.

"Mimi," nilisema.

"Wewe?" Baba aligeuka. "Wewe mwanangu unajua kushona hadithi, si kanzu."

"Nitajifunza. Yeye akibaki, baba, atakata vizuri maisha yake yote, na kila siku atakuwa anatazama lile korongo."

Baba alizima taa ya mafuta aliyokuwa ndiyo kwanza ameiwasha, akaiwasha tena. Asubuhi alimpa dada ule utepe wa njano, ameuzungusha vizuri kama mviringo wa tambi, akasema atanunua mwingine.

Basi la kusini lilimchukua siku ya ukungu. Tulisimama barabarani, baba na mimi na mama wa mandazi, aliyempa dada mfuko uliochuruzika mafuta na kumwonya asiwape wavulana hata kimoja. Basi liliteremka kilima, likapanda kingine, likawa kitu cheupe, likawa hakuna. Kigali ina hila hiyo. Unamwona mtu anayekuacha kwa muda mrefu sana.

Kitanda kikawa kikubwa. Nilijilaza upande wangu ule ule wa ukutani, kana kwamba upande wa pili una mwenyewe. Kazini nilikata mikono miwili ya kanzu, yote ya kushoto, na baba aliiweka mmoja juu ya mwingine, akaitazama, kisha akamtafutia mteja kitambaa kingine bila kunikaripia. Afadhali angenikaripia. Mchana, alipokwenda kuswali, nilichukua futi mpya nikajaribu kukipima kivuli cha mparachichi. Niliweka jiwe juu ya mwanzo wa utepe. Jiwe lilishika, lakini halikuvuta. Nikaukunja utepe, nikakaa chini, nikaanza kumsimulia jiwe habari za mtaa. Nadhani ndipo nilipoanza kuandika.

Likizo ya kwanza dada alirudi amekonda, mikono ina malengelenge, maneno ya Kifaransa yanamponyoka kila sentensi. Aliniambia habari za mizigo na mihimili, na niliitikia kwa kichwa kama nilivyofanya zamani, ila zamani alikuwa akigundua kwamba sielewi. Tulishuka mpaka kwenye ruhurura. Nilisimama upande huu, kidole gumba tayari. Yeye alitoa mfukoni kijumba cha chuma chenye futi ndani, akavuta ulimi wake, akainasa ndoano yake kwenye ncha ya gogo, akavuka. Ulimi ulimfuata ukilia taratibu.

"Umeona?" aliita kutoka upande wa pili, uso unang'aa. "Inajishika yenyewe! Haihitaji mtu!"

"Nimeona!" nilimjibu. "Nzuri sana, dada."

Alikuwa na furaha, na sikutaka kuigusa. Alibonyeza kitufe, na ule ulimi ukarudi mbio na kujifungia ndani.

Miaka imepita. Dada anajenga huko kaskazini, kwenye mito ambayo sijaiona. Anakuja mara chache, na kila anapokuja anakagua mlango wetu, ukuta wetu, na afya ya baba, kwa mpangilio huo. Ruhurura ina kivuko cha mawe sasa, kingo zimejengwa kwanza. Si yeye aliyekijenga, lakini alipokiona alikipiga teke kidogo, akasema, "Hatimaye."

Mwaka huu binti mdogo wa mama wa mandazi alinijia dukani. Ameshinda wenzake kwa hesabu, na amesikia kwamba mimi ndiye ninayejua habari za shule ile. Mama yake alimfuata nyuma, unga mpaka viwikoni. Alikuwa ameacha karai motoni.

"Wewe ndiyo iko nasema na yeye," aliniambia. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika ng'ambo. "Bwana haiko tena, wakubwa wote walienda. Huyu akienda, miye nabaki na nani?"

Ningeweza kumwambia kwamba likizo zinakuja haraka, au kwamba mtoto akisoma nyumba inajaa. Watu waliniambia hayo yote, na walinipenda. Nilimtazama machoni.

"Utabaki peke yako, mama. Ni vigumu, na ugumu haupungui. Mwache aende."

Alijifuta macho kwa mkono, unga ukambaki usoni, akarudi kwenye karai lake bila kusema ndiyo wala hapana. Lakini binti hakumfuata, naye hakumwita.

Nilichukua futi kutoka shingoni mwa baba aliyekuwa amesinzia. Nikamwonyesha yule binti mparachichi, kivuli chake kikiwa kimelala uani mpaka ukutani.

"Tuanze na kile," nilimwambia. "Mimi nitashika mwanzo. Wewe rudi nyuma."

Akarudi nyuma, hatua kwa hatua, macho yapo kwenye namba. Na utepe ukakaza.