Hadithi ya "Mtoto Mtiifu": jina linafaa? Mimi lilinigharimu mdogo wangu

Wakuu, kamwene. Shikamoo zenu nazipokea mapema, maana humu karibu wote ni wajukuu zangu.

Hii si chai. Ni ya Kilolo, miaka ya hamsini, na hata marehemu mume wangu sikumsimulia.

Juzi mjukuu wangu hapa Mbeya kaniletea homework: "Je, kichwa cha hadithi kinafaa? Toa sababu." Nikamwambia akamuulize mama yake. Nikaingia chumbani nikalia.

Nikiwa darasa la tatu, kitabu chetu kilikuwa na hadithi inaitwa Mtoto Mtiifu. Mama anamwacha mtoto shambani, anamwambia asiondoke mpaka amwite. Mvua inanyesha, wenzake wanakimbia, yeye yupo tu. Mwisho mama anamwita, anampa asali.

Mdogo wangu Malita, miaka sita, hajaanza shule, aliipenda hiyo hadithi kupita kiasi. Kila jioni, "Dada, soma ya asali." Nami nasoma kwa madaha, si ndiye msomi wa nyumba!

Msimu wa ulezi, watoto ndio tulioamia ndege. Unapanda dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, unapiga debe na kelele mpaka jua lizame. Kazi inachosha, nyie acheni.

Siku hiyo nikasikia lori la mwenye duka limeleta khanga mpya. Nikamwambia Malita, "Kaa hapa, usishuke mpaka nikuite. Kama yule wa kitabuni."

Nilijiona nina akili kweli.

Mvua ya mawe ikanikuta dukani. Nikajibanza barazani na wenzangu, tunachagua khanga za kuolewa nazo, umri wenyewe miaka kumi! Sikuwa na wasiwasi. Nyumba yetu ilikuwa pale pale chini ya shamba, nikajua Malita kashakimbilia jikoni kwa mama.

Nafika nyumbani, mama ananiuliza, "Mwenzio yuko wapi?"

Tulimkuta juu ya dungu, kalowa chapachapa, anatetemeka, debe kalikumbatia. Akanitazama mimi, si mama.

"Dada, umeniita?"

Kichomi kikamchukua siku ya nne. Mama alishaelewa yote, ila hakunipiga. Bora angenipiga.

Niliporudi shule, mwalimu akauliza swali lile lile la mjukuu wangu. Sijui nini kilininyanyua mkono.

"Kinafaa, mwalimu. Kwa sababu mtoto alitii mpaka mwisho."

Akafurahi. Akawaambia wenzangu wanipigie makofi, wakapiga. Wakuu, yale makofi nayasikia mpaka leo, na mimi nina wajukuu wenye ndevu.

Funzo? Ukimwambia mtoto "usiondoke", mwambie na lini aondoke. Hilo tu ndilo nililopata, na halijanisaidia kitu.

Sasa niambieni, hadithi ile ingeitwaje? Pole zenu nawashukuru, lakini nataka jina. Mwenyewe nimelitafuta miaka yote hii, nimeshindwa.

Mkijibu kwamba linafaa sitagombana na mtu. Ila kumbukeni, yule wa kitabuni aliitwa. Malita sikumwita.