Mdhamini Aliye Eda

Mwanakheri wa Mpendae si mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana yanayofuata hayatamsifu. Alisoma uuguzi akamaliza, akapata cheti chake, na kama wengi wa rika lake akakaa nyumbani kusubiri ajira mpaka kusubiri kwenyewe kukawa kazi. Alichoweza kujivunia ni mwaka mmoja aliojitolea bila mshahara katika kituo kidogo cha afya kule kusini, kijiji cha wakulima wa mwani. Mkuu wa kituo alikuwa Bi Saadiya, mkunga mtu mzima, mkali kwa uchafu na mpole kwa mengine yote.

Bi Saadiya hakumwacha akapange chumba. Alimchukua nyumbani kwake, akamlaza pamoja na bintiye Ulfat, akamlisha alichokula yeye. Mumewe, Mzee Borafya, ndiye aliyekuwa akimpakia kwenye baiskeli asubuhi za mvua na kumpeleka kituoni, huku akiwaambia watu njiani wapishe, amembeba daktari wake. Mzee alikuwa na sukari, na mguuni alikuwa na kidonda kisichopona. Mkewe ni mkunga wa miaka na miaka, lakini Mzee hakutaka kidonda kiguswe na mtu ila Mwanakheri. "Mwiteni mwanangu," alikuwa akisema, na wote walijua mwanawe ni nani.

Mwaka ulipokwisha Mwanakheri alirudi mjini. Aliahidi kwenda kuwatazama kila mwezi, na kwa miezi miwili ya mwanzo alikwenda kweli.

Habari ya msiba ilimfikia kwa simu, ujumbe wa Ulfat mwenyewe: baba ametutoka, tunazika alasiri. Wakati huo Mwanakheri alikuwa amekaa mkekani, mikono ameinyoosha mbele, hina na piko nyeusi mbichi kutoka vidoleni hadi karibu na viwiko. Kesho yake dada yake Mardhiya alikuwa anaolewa. Zamani msichana asiye na mume hakujirembesha hivyo, lakini siku hizi nani anauliza. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Kisha akaitazama ile mikono. Aingie vipi katika nyumba ya msiba na mikono ya harusi? Watu wangesemaje? Mama yake naye akamwambia asubiri harusi ipite, msiba hauondoki.

Harusi ikapita. Hina ilikuwa bado nyeusi tii, maana fundi alikuwa mzuri, bahati mbaya. Mwanakheri akasema ififie kidogo. Hitma ya Mzee ikasomwa bila yeye. Hina ikafifia, lakini sasa palikuwa na jambo jingine: aende akaseme nini? Ule ujumbe wa Ulfat haukuwa umejibiwa, na ujumbe kama ule ukikaa wiki mbili bila jibu, kila jibu ni tusi. Uso umeumbwa na haya. Kila siku aliyoiacha ipite iliifanya ya pili iwe nzito zaidi, mpaka akawa hata gari ya shamba, ile ya kusini, ikipita mbele yake anageuza macho.

Miezi miwili na ushei baada ya msiba, hospitali mpya ya binafsi huko Chukwani ilitangaza kwamba inataka wauguzi. Mwanakheri akaenda Mwanakwerekwe, kwenye steshenari ya Wakil, ambaye ndiye aliyemwandikia sivii yake ya mwanzo, wasifu wa kuombea kazi, na alikuwa bado anayo kwenye kompyuta. Wakil ni kijana anayewaandikia watu sifa zao tangu asubuhi hadi jioni, na kwa sababu hiyo haamini sifa ya mtu yeyote. Waliongeza kozi fupi ya huduma ya kwanza. Wakibadilisha namba ya simu, Wakil akashauri waweke na mstari kwamba mwombaji ana huruma na anashirikiana vyema na familia za wagonjwa, kwa kuwa mahospitali wanaupenda. Mwanakheri akakubali. Mstari wenyewe haukuwa wa uongo, au hakuuona hivyo siku ile.

Wakafika chini kabisa, kwa wadhamini, wale watu watatu ambao mwajiri anaweza kuwauliza habari zako. Wa kwanza alikuwa mwalimu wake wa chuo, wa pili sheha, mkuu wa mtaa wao wa Mpendae, wa tatu Bi Saadiya.

"Walewale?" aliuliza Wakil.

Mwanakheri aliliangalia jina la mwisho. Alijua vizuri kwamba mtu huombwa ruhusa kabla hajaandikwa. Lakini kumpigia Bi Saadiya kumwomba ruhusa ni lazima kwanza kumpa pole, na pole yenyewe imeshaoza. Kumfuta nako ni kubaki na mwalimu na sheha, watu ambao hawakuwahi kumwona amemshika mgonjwa. Alisitasita kiasi cha Wakil kugeuka kumtazama. Mwanakheri akamuuliza kwani watu hawa hupigiwa simu kweli. Wakil akacheka, akamwambia wadhamini ni kama maua ya plastiki mezani, yanawekwa tu, hakuna anayeyanusa.

"Basi walewale," alisema Mwanakheri.

Akaitwa kwenye usaili. Nyuma ya meza walikaa wawili: Bwana Anwar, afisa wa ajira, na Bi Zuleikha, mkuu wa wauguzi. Maswali ya kazi aliyajibu vizuri, na Bi Zuleikha akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana Anwar akausoma kwa sauti ule mstari wa huruma na familia za wagonjwa. Akasema mwalimu na sheha keshawapigia na wamemsifu, amebaki huyu wa tatu, ambaye ndiye anayemtaka hasa kwa sababu ndiye aliyefanya naye kazi. Akaipiga namba palepale, simu akaiweka mezani ili wote wasikie.

Aliyepokea alikuwa Ulfat. Bwana Anwar akaomba kuzungumza na Bi Saadiya.

"Mama yuko eda," ilisema sauti. "Hazungumzi na wanaume wasiokuwa maharimu zake. Nani aliyekupa namba hii?"

Bwana Anwar, aliyekuwa amekaa kibosi, ghafla akawa mtu aliyekutwa anachungulia uani kwa watu. Alisema inna lillahi, akaomba radhi mara mbili, akaeleza kwamba namba wamepewa na mwombaji wa kazi, anaitwa Mwanakheri.

"Aa," ilisema sauti. "Huyo." Ikakatika.

Mwanakheri alihisi masikio yanawaka moto. Mtoto wa Unguja, Muislamu, amemwandika mjane aliye ndani ya eda awe anapokea simu za wanaume. Ingekuwa mtu wa mbali angesamehewa. Bwana Anwar alijishughulisha na kalamu yake. Bi Zuleikha ndiye aliyesema, tena bila ukali wowote, swali ambalo mwanamke yeyote wa kisiwa hiki angeliuliza.

"Maskini. Lakini ulikwenda kuhani, kuwapa pole?"

"Nilikwenda," alisema Mwanakheri.

Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi. Bi Zuleikha akasema basi hakuna neno, yeye mwenyewe atampigia Bi Saadiya baadaye, mwanamke kwa mwanamke, atampa pole na kumuuliza yanayohusu kazi.

Mwanakheri alitoka pale hajui anakanyaga wapi. Hakurudi nyumbani. Alishuka Mwanakwerekwe, akanunua sukari na majani ya chai kama watu wanavyopeleka msibani, kisha akapanda gari ya shamba. Njia nzima mfuko ule wa sukari ulimuelemea mapajani. Na tuseme kweli: hakuwa akienda kuhani. Alikuwa akienda kuiwahi simu. Hilo alilijua, na kulijua ndiko kulikomfanya atazame chini kila abiria alipomsalimia. Mzee amekaa kaburini miezi miwili hakumtoa Mpendae, sasa kazi ndiyo iliyomtoa.

Ulfat alikuwa nje anaanua mwani. Alipomwona alimaliza kwanza kukunja turubai. Kisha akasema mama yumo ndani, akampisha mlangoni. Baiskeli ya Mzee Borafya ilikuwa imeegemezwa ukutani, tairi zimekwisha upepo.

Bi Saadiya alikuwa amekaa kitandani chumba cha ndani, amejifunika nguo nyeupe, mikono haina hata pete, na tasbihi mapajani. Alikuwa amepungua. Mwanakheri akapiga magoti.

"Shikamoo Bi Saadiya."

"Marahaba, mwanangu."

Alijaribu kusema yale yanayosemwa, Mungu akupeni subira, ampe kauli thabiti, lakini alifika nusu ya pole akaanza kukohoa. Bi Saadiya alimngoja mpaka kikohozi kikamwisha.

"Bi Zuleikha keshanipigia," alisema.

Mwanakheri akatamani ardhi ipasuke. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo chenyewe kilikuwa ndicho hiki, mchana kweupe, mfuko wa sukari pembeni.

"Kaniuliza kazi yako. Nimemwambia mkono wako mwepesi na mgonjwa humkimbii. Kazi utaipata, usiwe na wasiwasi." Bi Saadiya alizungusha tasbihi kidogo. "Halafu akanambia, Mwanakheri kasema alikuja kuhani, nimefurahi kusikia bado mnatazamana. Mimi nimo ndani ya eda, siwezi kusema uongo. Nikamwambia, nyumba hii Mwanakheri haji kuhani. Kuhani wanakuja watu. Huyu ni mtoto wa humu, kafiwa na yeye."

Mwanakheri alielewa. Mama huyu alikuwa amemsitiri bila ya kusema uongo hata wa herufi moja. Angempiga kofi lingekuwa jepesi. Angemfukuza, angepata angalau pa kwenda.

"Sasa nambie mimi," alisema Bi Saadiya, kwa sauti ileile aliyokuwa akimuulizia kituoni kama mikasi imeshachemshwa. "Siku mliyofiwa na baba yenu, ulikuwa wapi?"

Alikuwa na majibu mengi. Harusi ya dada yake, maneno ya mama yake, mbali, simu. Yote yalikuwa ya kweli, na hata moja halikufaa kutamkwa mbele ya nguo ile nyeupe.

"Nilikuwa na hina mikononi," alisema.

Bi Saadiya akaweka tasbihi. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, kama alivyokuwa akimkagua kabla ya kumruhusu kumzalisha mzazi. Hina ilikuwa imekwisha zamani, hata kwenye kucha haikubaki alama.

"Ungekuja nayo," alisema.

Mwanakheri aliinamia mikono ile akalia kwa sauti, kilio ambacho wenzake katika nyumba ile walikilia siku ya kwanza na wakakimaliza. Bi Saadiya hakumbembeleza, wala hakuiachia mikono. Baada ya muda Ulfat alisimama mlangoni na sufuria yenye masizi na dodoki. Hakumpa mkono wa pole, na mtoto wa humu apewe wa nini? Aliiweka sufuria sakafuni karibu naye.

"Vyombo viko uani," alisema.

Mwanakheri akajifuta uso kwa mtandio, akatoka. Alikosha mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyemwambia inatosha.