Dozi Aliyonichoma Mama

Naitwa Felista. Nina ovari moja. Nilizaliwa na mbili.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke mwenye nguvu zangu. Nilikuwa nauza karoti na kabichi soko la Mwembesongo, Morogoro, mzigo unashuka kutoka kwetu mlimani alfajiri, mchana nimeshamaliza. Mume wangu, Deo, anaendesha lori la miwa Turiani. Miaka ya ndoa ilipita bila mtoto, na Deo hakunisema hata siku moja. Aliyenisema ni mama yangu mzazi.

Kwetu Uluguru ukoo unafuata mama. Watoto wa kaka zangu ni wa kwa mama zao. Wa binti ndio wetu. Na binti nilikuwa peke yangu. Mama alikuwa anasema mbele ya wageni, mimi nikiwapakulia, "Nilidhani nimezaa mlango, kumbe nimezaa ukuta."

Mimi na mama tukaenda Dar es Salaam, kwenye kliniki ya kupandikiza mimba. Daktari alinitoa damu, akanipima kwa ultrasaundi, akahesabu vifuko vya mayai kwenye skrini mpaka akaacha kuhesabu. Nikafurahi.

"Usifurahi haraka," akasema. "Una mayai mengi kupita kawaida. Ukipewa dawa ya kuyakuza, mwili wako utaipokea kwa fujo. Ndiyo maana nakupa dozi ndogo. Msiizidishe hata kidogo. Ikizidi inaua." Akamgeukia mama. "Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, mwanangu."

Mama alifanya kazi zahanati ya misheni miaka mingi, kuchoma sindano anajua. Deo alikuwa kwenye msimu wa miwa, kwa hiyo mama akashuka kuja kukaa na mimi. Sindano naziogopa tangu utoto. Kila jioni nalala chali, nageukia ukutani, yeye anachoma.

Tumbo likaanza kujaa mapema. Sketi haifungi, kukaa shida. Nikimwambia mama, ananijibu, "Ndiyo dawa inafanya kazi hiyo." Siku ya kipimo nikarudi kliniki. Daktari akaitazama skrini, akanitazama mimi.

"Unachoma kiasi gani?"

Nikamtajia kile alichoniandikia.

"Haiwezekani."

Akasitisha matibabu palepale. Akasema ile sindano ya mwisho, ya kukomaza mayai, tuliyokuwa nayo nyumbani, nisichomwe kabisa, maana hiyo ndiyo itakayonimaliza. Nikampigia mama simu nikamweleza neno kwa neno.

Nilipofika nyumbani alinipa uji. Akasema atanichoma ya kutuliza maumivu. Nikageukia ukutani.

Hayakutulia. Nilivimba mpaka kitovu kikatokeza nje. Maji nikinywa yanarudi. Mkojo ukawa kidogo tu, mweusi kama chai ya rangi. Nikilala pumzi inakata, nikawa nasinzia nimekaa. Majirani waliona lile tumbo wakaja kwa vigelegele. "Hongera, Feli! Hao mapacha!" Mama akawapokea, akawachemshia chai. Mimi niko chumbani natapika kwenye beseni, nawasikia wanachagua majina.

Wakati bado wapo, upande wa kulia ukanikata, kama mtu ameshika utumbo anausokota. Nikapiga yowe. Bahati Deo alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka Turiani. Alinibeba hadi kwenye bajaji, hakumsalimia mtu.

Hospitali walinitoboa tumbo, wakatoa maji ya njano, chombo kikajaa wakaleta kingine. Ovari ya kulia ilikuwa imevimba, ikajisokota, ikafa. Wakaikata.

Nilipozinduka Deo alikuwa ameshika miguu yangu. Mama alikuwa mlangoni, anazungumza na muuguzi. "Hiyo waliyoikata, mayai yake wameyahifadhi?" Muuguzi akavuta pazia, nisimwone mama.

Mama aliniambia mwenyewe, nyuzi za kidonda hazijatolewa. Hakulia.

"Nilikuwa naizidisha. Dozi ile ilikuwa ya kifaranga. Na ile ya mwisho nilikuchoma."

"Mama, daktari alikwambia inaua."

"Wanawake wanakufa kwa uzazi tangu zamani. Ungekufa unatafuta mtoto, isingekuwa aibu."

Deo alisikia. Siku ileile alimfungia mizigo yake, akampeleka kwenye gari la mlimani. Akamwambia, "Shikamoo, mama. Kwangu usirudi."

Ilinichukua miezi kurudi sokoni. Namshukuru Mungu, namshukuru Deo, namshukuru daktari aliyenionya, na yule muuguzi wa pazia, ambaye hata jina sikumuuliza.

Dada zangu mnaotafuta watoto, daktari akikupima kwanza ajue mwili wako utaipokeaje dawa, shika analokwambia. Mwenye mayai mengi ndiye wa kuangaliwa zaidi. Tumbo likijaa haraka, mkojo ukipungua, pumzi ikibana, nenda hospitali, usingoje ruhusa ya mtu. Na anayekuchoma mtazame mkono, hata kama amekuzaa.

Ovari iliyobaki ni nzima. Daktari anasema tunaweza kujaribu tena. Mimi na Deo bado hatujaamua, na hatuna haraka. Huko mlimani, wakimuuliza mama binti yake anaendeleaje, huwajibu kwamba bado naumwa.

Nimepona.